Kibanio kwenye Msumari wa Mwisho

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki mliofika kumsindikiza: tunayemzika leo alikuwa fundi bomba, mume, baba, babu, na kaka wa mtu mmoja. Huyo mtu mmoja ndiye aliyeandika wasifu huu na ndiye anayeusoma. Kamati ya mazishi imemwambia kwamba wasifu hauandikwi kwa "mimi", basi humu ndani atajiita dada mdogo, ingawa magoti yake yalishausahau udogo siku nyingi. Kamati pia imempa vichwa vya kufuata: kuzaliwa, masomo, kazi, ndoa, ugonjwa na kifo. Atajitahidi. Ila ni haki mjue mapema kwamba marehemu hakuwa mtu wa kufuatika kirahisi, na siku hizi chache za msiba zimemchanganya dada yake kuliko miaka yote aliyomjua.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1954, mtoto wa kwanza wa mama mshonaji na baba dereva wa lori. Hiyo ni tarehe ya cheti. Mama alishikilia mpaka mwisho wa uhai wake kwamba ilikuwa tarehe 16, kwa sababu siku hiyo alikuwa anamalizia gauni la bibi harusi, na uchungu ulimshika akiwa kwenye pindo la chini. Gauni lilimaliziwa na jirani kwenye cherehani ile ile, na bibi harusi aliolewa bila kujua kwamba nusu ya pindo lake si ya mtu aliyemlipa. Kaka alipenda sana kuisimulia habari hiyo. Kamati imechagua tarehe ya cheti, na dada mdogo hana nguvu za kubishana. Yeye alizaliwa miaka mitatu baadaye, bila utata wowote.

Cherehani hiyo ya mama ilikuwa nyeusi, ya kukanyaga kwa miguu, yenye maua ya rangi ya dhahabu ubavuni, yaliyofutika pale mkono wa mama ulipozoea kuegemea. Iwekeni akilini.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1961 hadi 1967. Shule ilikuwa na zamu mbili, yeye akaangukia ya asubuhi, na dada mdogo alipoanza akapangiwa ya mchana. Nyumbani palikuwa na kitambaa cheupe cha shati moja tu. Mama akakaa akafikiri, kisha akashona shati lenye vifungo na matundu pande zote mbili, ili mvulana alifunge kwa upande wa wavulana na msichana kwa upande wa wasichana, na kola akaifanya ya kubandika na kubandua. Saa za mchana watoto hawa walikutana nyuma ya duka la mkaa, kaka akavua, dada akavaa. Siku kaka alipocheza mpira nalo, dada mdogo ndiye aliyechapwa kwa uchafu. Alipolalamika nyumbani, kaka alimjibu kwa utulivu, "Lakini kesho likiwa safi, utakuwa usafi wetu sote." Mama alicheka. Dada mdogo hakuona cha kuchekesha, na mpaka leo anakitafuta.

Baada ya miaka miwili ya kumsaidia baba kwenye lori, alijiunga na chuo cha ufundi mwaka 1970, akahitimu ufundi bomba mwaka 1972. Mwaka uliofuata aliajiriwa na kampuni ya ujenzi, akatandika mabomba kwenye majengo marefu ambayo yeye mwenyewe asingeweza kupanga hata chumba kimoja ndani yake. Alifanya kazi hiyo kwa uaminifu mpaka kampuni ilipofungwa mwaka 1993. Kazi za mwisho mwisho zilikuwa za kubomoa. Hapo ndipo alipoharibika, kwa maneno ya mkewe. Aliona milango mizima, masinki yasiyo na ufa na mabomba ya shaba yakipakiwa kwenye malori kwenda jalalani, akaanza kurudi nyumbani na vitu.

Kuhusu ndoa, kamati imesisitiza aya nzima. Mkewe, ambaye ni wifi yake dada mdogo, alikuwa muuzaji kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Fundi kijana alikuja kununua kiungo kimoja cha bomba. Kesho yake akaja kukibadilisha. Keshokutwa yake akarudi kutaka kile kile cha kwanza. "Nilidhani hajui vipimo," wifi husema. "Nikamwonea huruma, nikamwandikia kwenye karatasi. Akaja tena, akasema karatasi imelowa." Walifunga ndoa tarehe 2 Juni 1979, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja. Mwaka 1989 walihamia kwenye jengo lile mnalolifahamu, ghorofa ya pili, mlango wa kushoto.

Sasa tunarudi kwenye kazi, kwa sababu kazi yake kubwa haikuwa na mwajiri. Jengo lile lilikuwa limechoka. Pampu ilikufa, mwenye nyumba akaingia mitini, na wapangaji wakabaki na ngazi, kuta na madeni ya kila mmoja kivyake. Kwenye kikao cha kwanza cha majirani, fundi alisimama akauliza mna drili ngapi. Ikaonekana karibu kila fleti ina drili yake, na karibu zote zimelala chini ya vitanda. Akauliza mna pampu ngapi. Haikuwepo hata moja.

Ndivyo kilivyoanza Chumba cha Wote, pale chini karibu na ngazi, kwenye iliyokuwa stoo ya taka. Mlango wake ni wa jengo lililobomolewa, rafu zake ni za shule iliyofungwa. Drili za ziada ziliuzwa, pampu ikanunuliwa. Ngazi ya kupandia, pasi nzito, vitanda vya watoto wachanga, mashine ya kufulia, viti vya shughuli, hata koti la heshima la mtu anayekwenda kuomba kazi: kila kitu kina msumari wake ukutani, na chini ya msumari umechorwa umbo la kitu chenyewe. Kila fleti ina vibanio vya nguo vyenye alama yake. Ukichukua ngazi, unabana kibanio chako kwenye msumari wa ngazi. Ukirudisha, unakitoa. Cha fundi kilikuwa na alama ya bomba la maji. Anayehama jengo husubiri vibanio vyake vyote vitoke ukutani, kisha hukabidhiwa mkononi mbele ya majirani, na hiyo ndiyo kwaheri. Kwa kuwa alikuwa kila mara anawakumbusha watu zamu zao, watoto wa jengo walimwita Babu Zamu, na jina likamganda.

Hakuwa malaika wa ufundi. Alipotaka maji ya kuogea na kufulia yachujwe kwa mchanga na changarawe, yakusanywe kwenye tangi, kisha yatumike vyooni na kwenye mboga za juu ya paa, alikosea valvu moja. Mshonaji wa ghorofa ya tatu, mama mtulivu anayejulikana na wengi wenu, alikuja kumgongea.

"Fundi, njoo uone. Choo changu kinafua."

"Kinafua nini, mama?"

"Hicho ndicho sikijui. Lakini kina povu mpaka kwenye kifuniko."

Wiki nzima jengo lilinukia sabuni, na mboga za paa zilikauka. Alirekebisha, akapanda upya, akaomba radhi mlango kwa mlango. Maganda ya jikoni yakawa mbolea, mbolea ikawa mchicha, na mchicha ukashuka ngazi kwa zamu. Dada mdogo, ambaye anaishi ng'ambo ya mji kwenye nyumba yenye choo kinachotumia maji ya kawaida, alielezwa mzunguko huu mara nyingi. Aliitikia kwa kichwa kwa adabu. Hakuelewa kwa nini mchicha wake una historia ndefu kuliko yeye.

Mama alifariki mwaka 1998. Dada mdogo wakati huo aliishi chumba kimoja na watoto wake, kwa hiyo cherehani ilikwenda kwa kaka. Alisema, "Nitakutunzia." Dada mdogo alisikia neno "kutunza" kama watu wote wanavyolisikia, yaani kitu kinafunikwa kitambaa, kinawekwa pembeni na hakiguswi. Mwaka 2011, alipopata nyumba yenye nafasi, alikwenda kuichukua. Kaka alimpeleka Chumba cha Wote. Pale palikuwa na cherehani tatu, na hakuna hata moja iliyokuwa ya mama.

"Iko wapi?"

"Kichwa ndicho hiki hapa. Gurudumu liko kwenye ile ya katikati. Kanyagio liko kwenye hii ya mwisho, na miguu ya chuma ndiyo inashikilia ile meza ya kukunjia nguo."

"Kaka, umeichinja cherehani ya mama kama kuku."

"Haijachinjwa, dada. Iko kazini."

Alimweleza kwamba zile nyingine zilikuwa zimeharibika, na kwamba moja ikiwa nzima kwenye kona na tatu zinataka vipuri, hesabu inajieleza yenyewe. Kwa dada mdogo haikujieleza. Aliondoka, na toka hapo walizungumza kuhusu afya, mvua na wajukuu. Hakuingia tena kwenye chumba kile. Hakukosea kukasirika, na hata leo, mbele ya jeneza, hasemi kwamba alikosea.

Ugonjwa wa moyo ulimwanza mwaka 2022. Madaktari walimwambia apunguze ngazi, na jengo lile halina lifti. Majirani waliweka kiti kwenye kila kituo cha ngazi, kila fleti na kiti chake, akawa anapanda na kupumzika, anapanda na kupumzika. Viti havikulingana hata kidogo. Alisema kimoja ni cha mfalme na kingine cha kung'olea meno, na alikaa kwenye vyote kwa heshima sawa. Miezi ya mwisho alionekana sana chini, kwa fundi wa cherehani mwenye kibanda upande wa pili wa barabara, naye hakuna aliyemuuliza, kwa sababu walikuwa marafiki wa siku nyingi na wazee hukaa popote penye kivuli. Mshonaji alisema cherehani zote za Chumba cha Wote zilibadilika sauti ghafla, kama zimepewa koo jipya. Kwenye simu, kaka alimwambia dada yake, "Kitu chako kinakuja, usiniulize." Dada mdogo alidhani ni dawa zinazomsemesha. Akamwambia alale.

Alifariki Jumanne, tarehe 10 Septemba 2024, asubuhi, kwenye kiti cha ghorofa ya kwanza, akiwa anapanda. Mkewe alikuwa hatua chache nyuma yake na mfuko wa nyanya. Alidhani amepumzika.

Kawaida wasifu ungesonga mbele kutoka hapa, lakini msiba wenyewe haukusonga. Wifi alishuka Chumba cha Wote kutoa kibanio cha mumewe. Nia yake ilikuwa kukiweka kwenye mfuko wa koti lake la kuzikwa, kama anavyoagwa kila anayehama. Vibanio vya bomba vilikuwa vimeshatoka ukutani, isipokuwa kimoja. Kilibanwa kwenye msumari wa mwisho kabisa, kwenye kona, msumari mpya ambao hakuna aliyejua umepigwa lini. Na chini yake hapakuchorwa kitu. Fundi alikuwa amechukua kitu cha watu, na hakuna mtu aliyejua ni kitu gani.

"Mume wangu hakuwahi kukaa na kitu cha watu," wifi alimwambia dada mdogo, na hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza. "Siwezi kukitoa kitu hakijarudi. Na siwezi kumzika kikiwa pale. Nisaidie, wifi yangu."

Dada mdogo alianza kutafuta ndani ya fleti. Mtu asifikiri ni kazi ndogo. Alishika feni, wifi akasema hiyo ni ya ghorofa ya nne, wameileta kwa ajili ya msiba, na kibanio chao kipo kwenye msumari wake. Alishika redio, ikawa ya marehemu, lakini betri za mtu. Alifungua kabati atoe koti la kuzikia, akakuta hanga tupu, kwa sababu koti la marehemu lilikuwa kwenye usaili wa kazi na kijana wa ghorofa ya tano. Lilirudi jioni limepigwa pasi, na kijana amepata kazi. Kila alichouliza kilikuwa na jibu refu. Watoto waliokuwa wanakula mezani aliwahesabu kuwa wajukuu, kumbe wengine walikuwa wa milango mingine, wote wakimwita bibi. Alikaa kwenye kiti, akasimama tena, akauliza hiki ni cha nani. Kaka aliishi mle miaka thelathini na mitano, na dada yake hakuweza kunyoosha kidole kwenye kitu kimoja akasema hiki kilikuwa chake.

Marehemu ameacha mke, mabinti wawili, mvulana mmoja, wajukuu saba, na dada mdogo. Kamati iliandika pia "na majirani wote wa jengo". Dada mdogo alitaka kuifuta, kwa kuwa majirani si warithi, lakini wifi alimwangalia, basi imebaki.

Karatasi mlizoshika zinaishia hapo. Zilichapwa jana mchana. Yanayofuata dada mdogo ameyaandika asubuhi ya leo kwa mkono, kwa hiyo atasoma polepole.

Alfajiri ilipokucha vizuri, fundi wa cherehani alivuka barabara na mkokoteni. Juu yake palikuwa na kitu kimefunikwa turubai. Alisema aliahidi kukileta Jumatano, aliposikia habari za msiba akaona si vizuri kuja na mzigo, na usingizi ukamkimbia. Akafunua. Ilikuwa cherehani nyeusi, ya kukanyaga kwa miguu, yenye maua ya dhahabu ubavuni, yaliyofutika pale mkono ulipozoea kuegemea.

"Imetoka wapi?" dada mdogo aliuliza.

"Amekuwa ananiletea kipande kipande, mama. Akichukua gurudumu la mama yenu, anaweka jingine la chakavu ili wenzake wasikwame. Alisema hakuna anayepaswa kusimama kazi kwa sababu yake. Tumemaliza miguu wiki iliyopita. Alitoka kwangu akavuka barabara kwenda kupiga msumari."

Kwa hiyo hicho ndicho kitu kilichokuwa hakijulikani. Wifi aliketi kwenye kiti cha meno, pale ngazini. Dada mdogo aliizunguka cherehani, akaigusa kichwa, akaigusa miguu. Kisha hasira ikamrudia, ya zamani kabisa, kwa sababu alikumbuka kibanio. Kama ni ya mama, na kaka ameikusanya kwa ajili yake, kwa nini aiazime? Nani anaazima mali ya mama yake?

"Vuta hiyo droo," fundi wa cherehani alisema. "Kuna kitu alikipaka rangi kwangu. Alikaa nacho siku nzima."

Ndani ya droo palikuwa na kibanio kipya cha nguo. Alama yake haikuwa bomba. Kilichorwa shati dogo jeupe, lina vifungo pande zote mbili.

Mshonaji wa ghorofa ya tatu alimweleza kwa sauti ya chini, kwa kuwa dada mdogo si mtu wa jengo na hawezi kujua. Kibanio cha mtu kinatoka ukutani kwa njia mbili. Ama kitu kinarudi, ama mwenzake anakichukua kwa zamu yake na kubana cha kwake. "Ukitaka kuipeleka kwako moja kwa moja, mama, ipeleke," alisema. "Hakuna atakayekuuliza. Hata umbo lake chini ya msumari hatutachora."

Dada mdogo alisimama mbele ya msumari ule, kibanio cha shati kikiwa mkononi. Alijua wifi yake anasubiri. Alijua pia kwamba akikibana, cherehani ya mama haitafunikwa kitambaa tena maisha yake yote, na kwamba iko siku mtu atagonga mlango wake ng'ambo ya mji na kumuuliza kama zamu yake imekwisha. Mpaka anasoma hapa hajui kama kaka yake alimpa zawadi au alimpa amri. Alimtafuta wa kumuuliza, akakumbuka.

Alikibana.

Kibanio chenye alama ya bomba kiko kwenye mfuko wa koti la marehemu, upande wa kushoto, na wifi ndiye aliyekiweka kwa mkono wake. Cherehani itakuwa nyumbani kwa dada mdogo kuanzia leo jioni. Mshonaji ataifuata baada ya sikukuu za mwisho wa mwaka, na wamekwisha kukubaliana.

Nenda salama, kaka. Shati nimelipokea. Pumzika, hakuna anayekudai kitu.